Kisoma kadi kinawaka taa, kadi haisomeki: mwongozo kamili wa kusakinisha na kutunza draiva yake

Malalamiko yanayonifikia yana sura moja. Mtu ana kisoma kadi cha USB, anataka kusaini nyaraka au kuingia kwenye mfumo wa kazini kwa kadi yenye chipu. Amesakinisha draiva, amezima kompyuta na kuiwasha tena. Taa ya kisoma kadi inawaka, lakini programu inang'ang'ania kwamba hakuna kadi. Anaiondoa draiva, anaisakinisha upya, mara ya tatu, mara ya nne. Ni kutwanga maji kwenye kinu, kwa sababu mara nyingi draiva haikuwa na kosa tangu mwanzo.

Kati ya chipu ya kadi na dirisha linalokuomba PIN kuna ngazi sita. Kuna kifaa chenyewe na waya wake. Kuna draiva inayozungumza na kifaa hicho. Kuna huduma inayozigawia programu nafasi ya kukitumia. Kuna kadi. Kuna moduli inayoielewa kadi hiyo. Mwisho kabisa ndipo ilipo programu unayoitumia. Ujumbe wa "hakuna kadi" unaweza kusababishwa na ngazi yoyote kati ya hizo, na maneno yake huwa yale yale.

Kwa hiyo mwongozo huu una sharti moja: usipande ngazi mpaka ile ya chini yake ijibu. Kila hatua ina kipimo chake. Kipimo kikikataa, simama hapo hapo. Hakuna faida ya kuendelea.

Maelezo ni ya Linux ya familia ya Debian, Ubuntu na Fedora, pamoja na Windows 10 na 11.

## Andaa hivi kabla ya kugusa chochote

- Kisoma kadi, na porti ya USB iliyo kwenye mwili wa kompyuta yenyewe. Vigawanya-porti visivyo na umeme wake huleta matatizo yanayofanana kabisa na ya draiva mbovu.
- Kadi unayotaka kuitumia, na kadi nyingine yoyote yenye chipu. Hata kadi ya benki inafaa. Hatutaiingizia PIN wala kusoma kilichomo. Tunataka tu iitike ikiitwa, ili tujue kama kosa ni la kisomaji au la kadi.
- Haki za msimamizi kwenye kompyuta hiyo, na intaneti.
- PIN ya kadi, na PUK (namba ya kufungulia PIN iliyojifunga) kama ulipewa. Kama PIN huikumbuki vizuri, itafute sasa kabla hujaanza.
- Karatasi na kalamu, au faili tupu la maandishi. Utaandika namba mbili tatu ambazo utazihitaji baadaye.

Angalia pia aina ya kadi na aina ya kisomaji. Kadi ya kuchomeka huonyesha bamba la dhahabu juu yake. Kadi ya kugusisha haina lazima ya bamba hilo. Kisomaji cha kuchomeka hakitasoma kadi ya kugusisha hata ukisakinisha draiva zote za duniani.

## Hatua ya 1: Hakikisha kompyuta inakiona kifaa

Taa kuwaka maana yake ni kwamba umeme umefika, basi. Haithibitishi kwamba kompyuta na kifaa vimetambuana.

Kwenye Linux, chomeka kisoma kadi, fungua terminali, andika:

```
lsusb
```

Tafuta mstari ulioongezeka. Kama huna hakika ni upi, chomoa kifaa, rudia amri, kisha linganisha. Katika mstari huo kuna namba mbili zilizotenganishwa kwa nukta mbili, mfano `08e6:3437`. Ya kwanza ni ya mtengenezaji, ya pili ni ya modeli. Ziandike.

Sasa uliza swali ambalo wengi hulisahau, yaani kifaa hiki ni cha aina gani:

```
sudo lsusb -v -d 08e6:3437 | grep bInterfaceClass
```

Weka namba zako mahali pa hizo zangu. Ukiona `11`, kisomaji kinafuata kanuni ya CCID, ambayo ni lugha ya pamoja ya visoma kadi vya USB. Hapo huhitaji draiva ya mtengenezaji. Draiva ya jumla inatosha. Ukiona `255`, mtengenezaji amejitungia lugha yake, na huenda ukahitaji kifurushi chake maalumu. Namba hii moja inaamua nusu ya kazi iliyobaki.

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `devmgmt.msc`. Tafuta kundi linaloitwa "Smart card readers". Kisomaji kikiwa humo bila alama ya njano, ngazi hii imejibu. Kikiwa chini ya "Other devices", fungua sifa zake, nenda kwenye maelezo, chagua "Hardware Ids", uandike namba zinazofuata VID (mtengenezaji) na PID (modeli). Msimbo wa kosa 28 una maana kwamba draiva haipo. Msimbo 10 una maana kwamba ipo lakini kifaa kimekataa kuanza. Jaribu porti nyingine kwanza.

Tahadhari, na hii ndiyo inayowapoteza watu wa Windows kuliko zote. Katika orodha hiyo hiyo kuna kundi jingine linaloitwa "Smart cards", bila neno "readers". Hilo ni la kadi. Ukiona humo "Unknown Smart Card", kisomaji chako ni kizima na kimeshaisoma kadi. Kinachokosekana ni programu ya kadi, yaani Hatua ya 6. Nimewaona watu wakiondoa draiva nzima ya kisomaji kwa sababu ya mstari huo.

Umefaulu ikiwa: kifaa kinaonekana kwa namba zake, na unajua kama ni CCID au la.

Kisipoonekana kabisa, badilisha porti, kisha badilisha kompyuta. Kisipoonekana kwenye kompyuta ya pili pia, hakuna draiva itakayokusaidia. Kifaa kimekufa, au waya umekatikia ndani.

## Hatua ya 2: Fagia draiva zilizorundikana

Kama hujawahi kusakinisha chochote, ruka hatua hii. Kama umeshajaribu mara nne, soma kwa makini.

Draiva mbili zinazodai kifaa kimoja hazikai kwa amani: moja hukishika, na nyingine huambiwa kimeshatwaliwa. Ndiyo sababu kusakinisha juu ya usakinishaji wa zamani kunaongeza tatizo badala ya kulipunguza.

Chomoa kisoma kadi kwanza. Kwenye Windows fungua terminali kwa haki za msimamizi:

```
pnputil /enum-drivers
```

Pitia orodha ukitafuta zile ambazo darasa lake ni la visoma kadi. Kila moja ina jina kama `oem23.inf`. Ondoa hivi:

```
pnputil /delete-driver oem23.inf /uninstall
```

Tahadhari: soma jina la mtengenezaji na darasa kabla ya kubonyeza Enter. Namba hizi hutofautiana kati ya kompyuta moja na nyingine. Ukinakili `oem23` yangu bila kuangalia, unaweza kuondoa draiva ya mtandao au ya skrini.

Kwenye Linux, draiva za visoma kadi hukaa katika folda moja. Kwa Debian na Ubuntu:

```
ls /usr/lib/pcsc/drivers/
dpkg -S /usr/lib/pcsc/drivers/*
```

Amri ya pili inakuambia kila draiva imeletwa na kifurushi gani. Ikisema hakuna kifurushi kinachomiliki folda fulani, hiyo iliwekwa kwa mkono, labda na skripti ya mtengenezaji. Usiifute, ihamishie kando, nje ya folda hiyo, ili uweze kuirudisha. Kwa Fedora, folda ni `/usr/lib64/pcsc/drivers/` na amri ya kuulizia mmiliki ni `rpm -qf`.

Umefaulu ikiwa: hakuna draiva ya kisomaji usiyojua imetoka wapi.

## Hatua ya 3: Sakinisha vifurushi vinavyohitajika, na hivyo tu

Debian na Ubuntu:

```
sudo apt update
sudo apt install pcscd libccid pcsc-tools opensc
```

Fedora:

```
sudo dnf install pcsc-lite pcsc-lite-ccid pcsc-tools opensc
```

Usinakili tu, jua kila kimoja kinafanya nini, maana hapo ndipo utakapojua cha kulaumu baadaye. `libccid` ndiyo draiva yenyewe. `pcscd` ni huduma inayosimama katikati ya draiva na programu. `pcsc-tools` inaleta kipimo tutakachotumia katika Hatua ya 5. `opensc` ndiyo inayoelewa kadi za aina nyingi, lakini si zote.

Kama kisomaji chako ni cha kampuni ya ACS na `libccid` haikitambui, Debian na Ubuntu zina kifurushi cha ziada kiitwacho `libacsccid1`. Kisakinishe baada ya kushindwa na ya jumla, si kabla.

Kwenye Windows, kwa kisomaji cha CCID, kazi ni ndogo: chomeka, subiri dakika moja. Windows inakuja na draiva yake ya CCID, na utaiona ikijitaja kama "Microsoft Usbccid Smartcard Reader". Wengi huliona jina hilo, wanadhani ni draiva ya muda, wanaikimbilia ya mtengenezaji. Mimi huiacha. Sababu ninazozikubali za kuibadilisha ni tatu: kisomaji si cha CCID, kisomaji kina vitufe vya kuandikia PIN juu yake na vitufe havifanyi kazi, au kuna mipangilio ya kadi za kugusisha ambayo programu ya mtengenezaji pekee ndiyo inayoifungua.

Ukilazimika kupakua, chukua kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Kaa mbali na kurasa zinazojinadi kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja. Hii ni programu itakayokaa njiani kati ya kidole chako na PIN yako, kwa hiyo fungua sifa za faili uone kama lina saini ya kidijitali yenye jina la mtengenezaji huyo kabla ya kulifungua.

Umefaulu ikiwa: usakinishaji umekwisha bila kosa, na kwenye Windows kisomaji kimeingia katika kundi lake bila alama ya njano.

## Hatua ya 4: Amsha huduma

Kwenye Linux:

```
sudo systemctl enable --now pcscd.socket
systemctl status pcscd.socket
```

Unachotaka kuona ni `active (listening)`, au `active (running)`.

Zingatia nimeandika `.socket`, si `.service`. Watu huuliza hali ya `pcscd.service`, wanakuta `inactive (dead)`, wanapigwa na bumbuwazi. Hakuna kilichoharibika. Huduma hii hulala mpaka programu iihitaji, ndipo mlinzi wake wa mlangoni, yaani hiyo soketi, anapoiamsha. Ikikaa sekunde 60 bila mteja, inarudi kulala yenyewe.

Kwenye Windows, fungua PowerShell:

```
Get-Service SCardSvr
```

Inatakiwa iwe `Running` wakati kisomaji kimechomekwa. Ikiwa `Stopped`, fungua `services.msc`, tafuta "Smart Card", hakikisha haijawekwa katika hali ya kuzuiwa ("Disabled"), kisha ianzishe.

Tahadhari: kaa mbele ya kompyuta yenyewe. Ukiingia Windows kwa mbali kupitia Remote Desktop, mfumo hukuonyesha visoma kadi vya kompyuta uliyoketi mbele yake, si vya ile uliyoingia. Kwenye Linux kupitia ssh, yaani kuingia kwa mbali kwa terminali, pcscd huweza kukukatalia kwa ujumbe wa `Access denied`, kwa kuwa kanuni za polkit, yaani mfumo wa ruhusa wa Linux, huruhusu aliyeketi kwenye mashine na kumshuku anayetoka nje. Kama huna budi kutumia ssh, pima kwa `sudo`, ukijua kwamba hicho ni kipimo tu na si suluhisho la matumizi ya kila siku.

## Hatua ya 5: Iite kadi, usikie kama inaitika

Hiki ndicho kipimo kikuu. Kwenye Linux:

```
pcsc_scan
```

Bila kadi, uone jina la kisomaji chako. Ingiza kadi, na ndani ya sekunde moja au mbili maandishi yabadilike kuwa kama haya:

```
Reader 0: Gemalto PC Twin Reader 00 00
  Card state: Card inserted,
  ATR: 3B ...
```

Mstari wa ATR ndio mwitikio wa kadi. Kila chipu ikipewa umeme na kuamshwa hutamka mfuatano wa baiti, usiozidi 33, kueleza inavyopenda kuzungumzishwa. Huanza na 3B au 3F. Ukiuona, kisomaji kinafanya kazi, draiva inafanya kazi, huduma inafanya kazi, na chipu iko hai. Kuanzia hapa usiiguse tena draiva, hata programu ikulalamikie vipi. Ukitaka kutoka, bonyeza Ctrl na C.

Matokeo mengine yana maana zake:

Amri inasema inasubiri kisomaji cha kwanza na haiendi mbele. Draiva haijakishika kifaa. Rudi Hatua ya 2, au soma sehemu ya fahali wawili hapa chini.

Kisomaji kinaonekana, kadi imeingia, lakini hali inabaki `Card removed`. Kadi haijafika mwisho. Sukuma mpaka uhisi imegota.

Hali inasema `Unresponsive card`. Kisomaji kimehisi kwamba kuna kitu ndani ila hakisikii chipu. Geuza kadi. Niliwahi kupoteza jioni nzima kwenye ujumbe huu, nikisoma kumbukumbu (logi) za mfumo mstari kwa mstari, kumbe bamba la dhahabu lilikuwa limetazama juu kwenye kisomaji kinachotaka litazame chini. Kama upande ni sahihi, futa bamba kwa kitambaa kisichotoa nyuzi chenye tone la spiriti, liache likauke, jaribu tena. Kisha jaribu ile kadi ya pili. Ya pili ikiitika na ya kwanza ikanyamaza, kadi yako ndiyo mgonjwa, na dawa yake iko kwa aliyeitoa.

Kwenye Windows kipimo kinachofanana ni:

```
certutil -scinfo
```

Hapa pana mtego. Amri hii inaweza kukuomba PIN, tena zaidi ya mara moja. Kwa kipimo cha sasa huihitaji. Bonyeza Esc kila dirisha linapotokea. Unachotafuta ni jina la kisomaji na taarifa kwamba kadi ipo, mistari ambayo hutokea mwanzoni kabisa.

## Hatua ya 6: Mpe kadi mkalimani wake

Kadi imeitika, lakini kompyuta bado haijui vyeti vya kidijitali (vitambulisho vyako vya kusainia na kuingilia) vimehifadhiwa wapi ndani yake wala PIN inaombwaje. Kazi hiyo ni ya moduli ya kadi. Kwenye Linux mara nyingi ni faili la aina ya PKCS#11, kanuni ya pamoja ya programu kuzungumza na kadi. Kwenye Windows ni programu ndogo ya kadi inayotolewa na mtoaji wa kadi.

Anza na OpenSC:

```
opensc-tool --name
```

Ikitaja jina la aina ya kadi, una bahati. Ikisema kadi haiungwi mkono, usiende kutafuta draiva nyingine ya kisomaji. Tafuta moduli kutoka kwa mtoaji wa kadi. Faili lake kwenye Linux huishia na `.so`. Andika njia yake kamili.

Kabla ya kuingiza PIN popote, angalia afya yake:

```
pkcs11-tool -L
```

Kwa moduli ya mtoaji, ongeza `--module` na njia ya faili. Katika mstari wa `token flags`, tafuta maneno haya: `user PIN count low` maana yake umeshakosea angalau mara moja, `final user PIN try` maana yake umebakiwa na jaribio moja, `user PIN locked` maana yake imejifunga.

Tahadhari ya uzito wa juu: kadi nyingi hufunga PIN baada ya makosa 3 mfululizo, na hesabu hiyo inatunzwa ndani ya chipu. Kuzima kompyuta hakuifuti. Kusakinisha upya hakuifuti. PUK nayo ina idadi yake ya majaribio, na ikiisha, kadi nyingi hazifufuki. Ukiona umebakiwa na jaribio moja na huna hakika na namba, acha.

Ukiwa na hakika, orodhesha vyeti:

```
pkcs11-tool --list-objects --type cert
```

Kwenye Windows, baada ya kusakinisha programu ya mtoaji, fungua `certmgr.msc` na utazame folda ya "Personal". Cheti cha kadi hunakiliwa humo kadi inapoingizwa, na huduma inayofanya hivyo ni "Certificate Propagation". Kama vyeti havitokei na kadi inaitika, angalia huduma hiyo kabla ya kitu kingine.

Umefaulu ikiwa: unaona jina lako au jina la cheti chako.

## Hatua ya 7: Unganisha na kivinjari

Firefox: fungua mipangilio, sehemu ya faragha na usalama, shuka mpaka kwenye vifaa vya usalama, chagua kupakia kifaa kipya, kisha weka njia ya moduli. Kwa OpenSC kwenye Debian na Ubuntu, njia utaipata hivi:

```
dpkg -L opensc-pkcs11 | grep opensc-pkcs11.so
```

Ikikataa kupakia, kuna sababu mbili ninazokutana nazo. Ya kwanza, moduli ni ya biti 32 na kivinjari ni cha biti 64. Ya pili inawahusu watumiaji wa Ubuntu: tangu toleo la 22.04, Firefox inayokuja na mfumo ni ya snap, imezungushiwa boma, haioni faili za mfumo kama programu ya kawaida. Ihakikishe kwa `snap list firefox`. Njia fupi ni kutumia Firefox ya kifurushi cha deb inayotolewa na Mozilla wenyewe.

Chromium na ndugu zake kwenye Linux hutaka amri. Funga kivinjari kabisa kwanza, sakinisha `libnss3-tools`, kisha:

```
modutil -dbdir sql:$HOME/.pki/nssdb -add "Kadi" -libfile /njia/ya/moduli.so
```

## Fahali wawili hawakai zizi moja

Sehemu hii ni kwa wale ambao kila kitu kiko sawa kwenye karatasi, na bado kisomaji kinaonekana leo, kesho hakionekani. Hapo karibu kila mara kuna programu nyingine inayokishika.

Mshukiwa wa kwanza ni GnuPG (amri yake ni gpg), programu ya kusaini na kusimba faili. Ndani yake kuna `scdaemon`, ambayo ina draiva yake binafsi ya CCID na hupenda kukishika kisomaji moja kwa moja bila kupitia pcscd. Ukitumia gpg, kivinjari hakioni kadi. Ukianza na kivinjari, gpg inasema hakuna kifaa. Ilazimishe ipite mlango mmoja na wenzake. Katika faili `~/.gnupg/scdaemon.conf` weka mstari huu:

```
disable-ccid
```

Kisha `gpgconf --kill scdaemon`. Matoleo mapya yana pia chaguo la `pcsc-shared`, linaloruhusu programu mbili kutumia kadi kwa wakati mmoja. Sikulipendekezi ovyo: PIN ikishathibitishwa na programu moja, nyingine inaweza kuikuta kadi iko wazi.

Mshukiwa wa pili ni kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, kwa visomaji vya kugusisha vyenye chipu ya PN533 na jamaa zake, mfano ACR122U. Kerneli hupakia moduli ya NFC (mawasiliano ya kugusisha) na kukishika kifaa kabla pcscd haijaamka. Dalili yake ni `LIBUSB_ERROR_BUSY` kwenye kumbukumbu. Tengeneza faili `/etc/modprobe.d/zuia-nfc.conf` lenye mistari hii:

```
blacklist pn533_usb
blacklist pn533
blacklist nfc
```

Kisha washa kompyuta upya.

Ili kuziona kumbukumbu hizo zikipita mbele ya macho yako:

```
sudo systemctl stop pcscd.socket pcscd.service
sudo pcscd --foreground --debug
```

Chomoa na uchomeke kisomaji huku ukitazama. Ukimaliza, Ctrl na C, kisha `sudo systemctl start pcscd.socket`. Usiingize PIN wakati kumbukumbu za kina zinaandikwa, kwa sababu zinaweza kuibeba ikiwa wazi, na watu hubandika kumbukumbu hizo mahali pa hadhara wakiomba msaada.

## Kuitunza isikuharibikie

Ukishafika mahali kila kitu kinafanya kazi, andika matoleo siku hiyo hiyo. Kwa Debian na Ubuntu:

```
dpkg -l pcscd libccid opensc
```

Kwenye Windows hifadhi nakala ya draiva yenyewe, hasa kama ni ya mtengenezaji na hujui kama tovuti yake itakuwepo mwakani. Tengeneza folda kwanza, kisha:

```
pnputil /export-driver oem23.inf D:\hifadhi
```

Baada ya sasisho kubwa la mfumo, rudia Hatua ya 1 na ya 5 peke yake. Ni dakika mbili. Kama sasisho la libccid limevunja kitu, unaweza kurudisha toleo la zamani na kulizuia lisipande kwa `sudo apt-mark hold libccid`, lakini weka kikumbusho cha kuliachia kwa `unhold`. Kifurushi kilichofungwa hakipati marekebisho ya usalama.

Kwenye kompyuta za mkononi zenye Windows, kisomaji kinachopotea baada ya mashine kulala mara nyingi kimezimwa ili kuokoa betri. Katika sifa za kifaa, sehemu ya umeme, ondoa tiki inayoruhusu kompyuta kukizima.

## Ukikwama na kuomba msaada

Tuma vitu hivi: namba ya hatua uliyokwama, ule mstari wa lsusb au namba za VID na PID, matoleo ya vifurushi, na kilichotokea kwenye pcsc_scan neno kwa neno. ATR unaweza kuituma. Hutaja aina ya kadi, na kadi mbili za aina moja mara nyingi hutoa ATR ile ile. Usitume PIN, PUK, wala picha ya kadi yenye jina na namba yake. Na kama jibu utakalopata linaanza na "sakinisha draiva upya" ilhali ATR yako inaonekana, subiri jibu la mtu mwingine.